Jinsi ya kulinganisha mbinu za kromatografia ya gesi kwa haidrokaboni za kimiminika

Chukua petroli yenye msongamano wa gramu 0.740 kwa mililita, uipitishe kwenye mashine mbili za kromatografia ya gesi, yaani mashine zinazovukiza sampuli na kutenganisha vilivyomo ndani ya bomba refu jembamba liitwalo kolamu. Ya kwanza inasema benzini ni 1.00%. Ya pili inasema 0.84%. Hapo ndipo watu huanza kutafuta mchawi: kolamu imechoka, sindano inavuja, aliyekuwa zamu ya usiku kakosea. Kumbe hakuna kilichoharibika. Ya kwanza imeripoti kwa uzito, ya pili kwa ujazo. Mililita moja ya benzini ina gramu 0.879, nzito kuliko petroli yenyewe, kwa hiyo 1.00% ya uzito ni 1.00 × 0.740 ÷ 0.879, yaani 0.84% ya ujazo. (Benzini ninayoitaja humu ni ile pete ya kaboni sita, C6H6, si petroli kama wengine wanavyoizoea kuiita.)

Nimeanza na mfano huu kwa sababu mabishano mengi kuhusu mbinu ipi ni bora huishia hapo hapo. Watu hulinganisha namba mbili kabla hawajahakikisha kwamba zimepima kitu kimoja. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kuzuia kosa hilo: swali kwanza, kisha sampuli, kisha vilele (milima midogo ambayo mashine huchora kila kitu kinapotoka kwenye kolamu), na namba mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Chukua karatasi uandike unataka kujua nini. "Benzini ni asilimia ngapi ya ujazo?" ni swali. "Nataka kuchambua petroli" si swali. Kuna maswali manne yanayorudi kila mara kwenye haidrokaboni za kimiminika: kiasi cha kitu kimoja au viwili vinavyojulikana, jumla ya makundi (parafini za mnyororo mnyoofu, isoparafini zenye matawi, olefini zenye kifungo maradufu cha kaboni, naftheni zenye pete iliyoshiba, aromatiki zenye pete kama ya benzini), orodha ya kila kilichomo kimoja kimoja, na mtawanyiko wa viwango vya kuchemka tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Kila swali lina familia yake ya mbinu. Ukichukua mbinu ya swali la tatu kujibu la kwanza utapata jibu, ila utalilipia kwa saa nyingi na pengine kwa usahihi mdogo.

Andika pia kipimo (uzito, ujazo au moli) na tofauti ndogo kabisa ambayo kwako ina maana. Kama uamuzi wako haubadiliki benzini ikiwa 0.80% au 0.83%, sema hivyo sasa. Baadaye, namba zikishakuwa mezani, kila mtu huvutia upande wake.

Hatua ya 2: Ijue sampuli

Unahitaji kujua mambo matatu kabla ya kugusa mashine. La kwanza ni upana wa kuchemka: nafta nyepesi, petroli, mafuta ya ndege, dizeli au mafuta ghafi. La pili ni kama kuna olefini, kwa maana nafta iliyotoka moja kwa moja kwenye mnara wa kukenekea karibu haina, wakati ile iliyotokana na kuvunjwa kwa molekuli kubwa inazo tele. La tatu ni kama kuna vitu vyenye oksijeni, hasa ethanoli au MTBE (etha inayoongezwa kwenye petroli). Hivi vya tatu ndivyo vinavyovuruga mbinu nyingi za zamani, na nitavirudia.

Hatua ya 3: Panga mbinu mezani

Hapa inafaa kutulia, kwa sababu ukijua kila mbinu inaona nini na haioni nini, nusu ya kazi imekwisha.

Uchambuzi wa kina, unaojulikana maabara kwa herufi DHA, hutumia kolamu moja ndefu sana. Katika ASTM D6729 (ASTM ni shirika la Marekani linalochapisha mbinu sanifu za vipimo) ni mita 100, kipenyo cha ndani milimita 0.25, na ndani imepakwa utando wa dimethili polisiloksani wenye unene wa mikromita 0.5. Oveni huanza karibu na nyuzi 0 ili vitu vyepesi visitoke vyote kwa mkupuo, kisha hupanda polepole, na sampuli moja hula zaidi ya saa mbili. ASTM D6730 ni ndugu yake: kolamu ile ile, ila mbele yake kuna kolamu fupi ya awali yenye utando wa aina nyingine, ambayo urefu wake hurekebishwa hadi vilele fulani vigumu viachane. ASTM D6733 hutumia mita 50. Uzuri wa DHA ni kwamba unapata orodha ya mamia ya vitu, na kutokana nayo unaweza kukokotoa mengine mengi. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu hutambuliwa kwa muda wake wa kutoka peke yake. Ukivuka kaboni nane msongamano unakuwa mkubwa. Oktani ina isoma 18 (maumbo tofauti ya fomula ile ile), dekani ina 75, na hapo bado hujahesabu naftheni wala olefini zinazojipenyeza katikati yao.

Mbinu za makundi hazijali majina. ASTM D6839 ina kolamu kadhaa, mitego na vali: mtego mmoja hushika olefini, kolamu moja hubakiza aromatiki, chujio za molekuli hutenganisha naftheni na parafini, na olefini zikishaachiliwa hupitishwa kwenye kichocheo cha platini pamoja na hidrojeni ili zihesabiwe zikiwa zimeshiba. Matokeo ni jedwali la makundi kwa idadi ya kaboni. Kwa jumla ya olefini katika petroli, naiamini hii kuliko DHA, kwa sharti kwamba mitego ni mizima. Mtego uliochoka huachia olefini zikaponyoka na kuhesabiwa kwenye kundi lisilo lao, na kromatogramu (mchoro wa vilele) haitakupigia kelele yoyote.

Ukenekaji wa kuigwa ni kitu kingine kabisa. ASTM D2887 haitenganishi vitu kwa majina. Hutumia kolamu fupi isiyo na ncha za umeme (yaani utando wake hauna upande chanya na upande hasi wa kuvuta molekuli), ambayo vitu hutoka takriban kwa mpangilio wa kuchemka, kisha muda hubadilishwa kuwa nyuzi joto kwa msaada wa alkani (jina jingine la parafini) nyoofu zinazojulikana. Hufika nyuzi 538. Kwa mafuta ghafi kuna ASTM D7169, inayofika nyuzi 720, na kwa kuwa sehemu ya mafuta ghafi haitoki kamwe kwenye kolamu, hapo lazima kuwe na sampuli rejea ya nje ya kukadiria kilichobaki.

Mbinu za shabaha hutafuta kitu kimoja au vichache: ASTM D3606 kwa benzini na toluini, D5580 kwa aromatiki, D4815 kwa ethanoli, MTBE na jamaa zao. Nyingi hutumia kolamu mbili na vali ya kubadili njia, moja kati ya hizo ikiwa na utando wenye ncha kali unaozuia aromatiki na vitu vyenye oksijeni huku parafini zikipita mbio.

Kuna pia zinazoongeza jicho la pili. Spektromita ya masi, kama katika ASTM D5769, hukuonyesha vipande vya molekuli. Kigunduzi cha urujuanimno ya ombwe, katika ASTM D8071, hutambua kundi kwa namna linavyofyonza mwanga. Na kromatografia ya pande mbili, ambayo John Phillips na Zaiyou Liu waliionyesha mwaka 1991, hukata kinachotoka kwenye kolamu ya kwanza kila baada ya sekunde chache na kukisukuma kwenye kolamu fupi ya pili yenye utando tofauti. Matokeo yake ni ramani. Kwa dizeli na mafuta ya ndege, sijaona njia iliyo wazi zaidi ya kuonyesha makundi: parafini mkanda wa chini, naftheni juu yake, aromatiki za pete moja, kisha za pete mbili, kila moja na ghorofa yake.

Usiweke mezani zaidi ya mbinu tatu. Zikizidi hapo, utakuwa unalinganisha uchovu wako.

Hatua ya 4: Linda sampuli

Ulinganisho mwingi huharibikia kwenye kichupa. Isopentani huchemka nyuzi 28, pentani nyuzi 36. Kichupa cha petroli kilichoachwa wazi kwa dakika chache katika chumba chenye joto si petroli ile ile tena.

Niliwahi kupoteza karibu wiki nzima nikitafuta kwa nini mbinu moja inatoa vitu vya kaboni nne na tano kidogo kuliko nyingine. Nilibadilisha laina ya kioo (mrija wa ndani ya mlango wa sindano), nikakata sentimita kadhaa za mwanzo wa kolamu, nikarudia kalibresheni. Tofauti haikuondoka. Mwishowe nilitazama tu jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika. Vichupa vilikuwa vile vile kwa mashine zote mbili: vinachomwa sindano kwenye mashine ya kwanza, kisha vinahamishiwa ya pili, ambayo trei yake ilikuwa karibu na mahali oveni inapotolea hewa moto. Kizibo cha mpira kilichotobolewa mara nne, joto, na saa tano za kungoja zamu. Mbinu ya pili ilikuwa inapima kwa uaminifu kabisa kile kilichobaki.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Sampuli hupozwa kwenye jokofu kabla ya kufunguliwa. Hugawanywa mara moja kwenye vichupa vingi vidogo, vilivyojazwa karibu hadi shingoni ili nafasi ya mvuke iwe ndogo, na kila kichupa kina kizibo kipya. Kila uchomaji una kichupa chake. Kikishatobolewa kimekwisha kazi. Kama trei ya mashine ina mfumo wa kupoza, uwashe. Na kichupa cha kwanza na cha mwisho kwenye foleni viwe vya sampuli ile ile, ili ulinganishe kilele cha isopentani mwanzo na mwisho. Kikishuka, foleni nzima ina shaka.

Hatua ya 5: Tengeneza mchanganyiko rejea kwa mizani

Mbinu mbili zikipishana, mashahidi wawili hawatoshi. Unahitaji wa tatu ambaye ukweli wake umeutengeneza mwenyewe. Chagua vitu safi kumi hadi kumi na tano vinavyowakilisha sampuli: alkani nyoofu chache, isooktani, sikloheksani, olefini moja au mbili, benzini, toluini, zailini, na ethanoli kama sampuli inayo. Pima kila kimoja kwa mizani yenye usahihi wa desimali nne za gramu, ukianza na kisichoruka haraka na kumalizia na chepesi kuliko vyote. Hesabu asilimia za uzito kutokana na mizani, si kutokana na pipeti.

Zingatia usafi ulioandikwa kwenye chupa. Kimiminika chenye usafi wa 99% kinaleta 1% ya kitu kingine, na kwenye benzini ya kiwango cha chini hilo linaweza kuwa kubwa kuliko tofauti unayoitafuta.

Hatua ya 6: Kagua utengano kabla ya kusoma namba

Fungua kromatogramu, usifungue ripoti. Programu itakupa asilimia zenye desimali tatu hata kama kilele kimoja ni vitu vitatu vilivyokumbatiana.

Anza na jozi zinazojulikana kwa ugumu. Benzini huchemka nyuzi 80.1 na sikloheksani 80.7. Parazailini huchemka nyuzi 138.4 na metazailini 139.1, kwenye dimethili polisiloksani hizi mbili hutoka pamoja, na hakuna urefu wa kolamu wa kawaida utakaokuokoa. Kwenye utando wa polietilini glikoli huachana. Kwa hiyo kama swali lako ni parazailini peke yake, mbinu yoyote ya kolamu isiyo na ncha imekwisha kuondoka kwenye mashindano, na hakuna haja ya takwimu. Kwenye kolamu ya mita 100 angalia pia benzini dhidi ya 1-methilisiklopentini, na toluini dhidi ya 2,3,3-trimethilipentani. Jozi hizo mbili ndizo sababu kubwa ya ile kolamu ya awali ya D6730.

Pima utengano kwa hesabu. Chukua tofauti ya muda wa vilele viwili, zidisha kwa 1.18, gawanya kwa jumla ya upana wake kwenye nusu ya kimo. Tuseme kilele kimoja kimetoka dakika 24.10 na kingine 24.38, kila kimoja kikiwa na upana wa dakika 0.09. Unapata 1.18 × 0.28 ÷ 0.18, yaani 1.84. Kuanzia 1.5 vilele vya kimo kinachokaribiana vimeachana hadi chini kwenye mstari wa msingi. Ila kuwa mwangalifu: kama kimoja ni kirefu mara mia kuliko mwenzake, 1.5 haitoshi, kwa kuwa mkia wa jitu humfunika mtoto.

Halafu hakikisha majina. Muda wa kutoka hubadilika kila unapokata kolamu, kwa hiyo tumia fahirisi ya Kováts, iliyoanzishwa mwaka 1958, ambayo hupima kila kitu kwa kukilinganisha na alkani nyoofu zilizo jirani. Oveni inapopanda kwa kasi moja, hesabu yake ni nyepesi. Heksani imetoka dakika 12.40, heptani dakika 18.90, kilele chako dakika 15.78. Tofauti na heksani ni 3.38, umbali mzima ni 6.50, kwa hiyo fahirisi ni 600 + 100 × 3.38 ÷ 6.50, ambayo ni 652. Hapo ndipo benzini hukaa kwenye kolamu isiyo na ncha, japo oveni ikibadilishwa inaweza kusogea kidogo.

Kilele ukikitilia shaka, kipeleke kwenye spektromita ya masi, ukijua mipaka yake. Vipande vyenye uzito 43, 57 na 71 hukuambia kwamba ni parafini na si zaidi ya hapo. Kipande cha 91 hukuambia pete ya aromatiki yenye mkia wa kaboni. Zailini tatu zina picha zinazofanana mno, kwa hiyo hapo spektromita bado inategemea kolamu.

Hatua ya 7: Rekebisha mwitikio wa kigunduzi

Mbinu nyingi hizi hutumia kigunduzi cha mwali, ambacho sote tunakiita FID. Huchoma kaboni na kuhesabu ioni. Kwa haidrokaboni, mwitikio wake hufuata uzito wa kaboni, si uzito wa molekuli nzima. Tofauti hii inaonekana ndogo hadi uipige hesabu.

Changanya heptani na benzini, nusu kwa nusu kwa uzito. Heptani ni 83.9% kaboni, benzini ni 92.3%. FID itakupa eneo la heptani 47.6% na la benzini 52.4%. Ukiripoti eneo kama lilivyo, umeongeza benzini pointi mbili na nusu ambazo hazipo. Sasa tumia vizidishi vya mwitikio vinavyokokotolewa kwa kulinganisha na methani: heptani 0.892, benzini 0.812. Zidisha kila eneo kwa chake, na zote mbili zinarudi 42.5, yaani nusu kwa nusu kama ulivyopima kwenye mizani.

Mbinu moja ikiwa na vizidishi na nyingine haina, utagundua tofauti isiyohusiana na kolamu kabisa. Fungua mipangilio ya programu zote mbili uangalie jedwali la vizidishi kwa macho yako. Usikubali kuambiwa tu kwamba zimewekwa.

Ethanoli na MTBE ni habari nyingine. Kaboni iliyoshikana na oksijeni haichangii mwali kama wenzake, kwa hiyo kizidishi cha kukokotoa kwa kaboni pekee hudanganya. Kipime mwenyewe kwa mchanganyiko wa Hatua ya 5. Kumbuka pia kwamba FID haioni maji. Kama mbinu hurekebisha jumla iwe 100%, maji yaliyomo yanagawiwa kimyakimya kwa vingine vyote.

Hatua ya 8: Jaribu mlango wa sindano

Kwa petroli hatua hii ni fupi. Kwa dizeli na vizito zaidi ni ya lazima. Sindano ikiingia kwenye mlango wa moto, vyepesi huvukiza mara moja na vizito hubaki kidogo kwenye chuma, kwa hiyo kinachoingia kwenye kolamu si kile kilichokuwa kwenye kichupa.

Andaa alkani nyoofu kuanzia kaboni 10 hadi 40 kwa uzito sawa. Dekani ina kaboni 84.4%, alkani ya kaboni 40 ina 85.3%, kwa hiyo maeneo yake yanapaswa kukaribiana sana. Yakishuka kadiri unavyoelekea kwenye vizito, tatizo liko mlangoni: badilisha laina, ongeza kasi ya kuchoma, au tumia uchomaji wa moja kwa moja ndani ya kolamu. Fanya hivi kwa kila mbinu unayoilinganisha, maana tofauti ya mlango huvaa nguo za tofauti ya mbinu.

Hatua ya 9: Endesha majaribio

Chagua sampuli halisi zisizopungua kumi, zilizotawanyika kuanzia kiwango cha chini hadi cha juu unachotarajia. Sampuli kumi zinazofanana ni sampuli moja iliyorudiwa. Kila moja ichomwe mara mbili au zaidi kwa kila mbinu, kwa mpangilio wa kubahatisha na si kwa kupanda, ili mabaki ya sampuli nzito yasiiangukie nyepesi kila mara. Weka uchomaji mtupu (sindano isiyo na sampuli) mwanzoni na baada ya kila sampuli nzito. Mchanganyiko rejea uwe mwanzo, katikati na mwisho. Yote yafanyike siku chache zinazofuatana, mikononi mwa watu wale wale.

Hatua ya 10: Hesabu tofauti

Kwanza, kila mbinu peke yake. Tafuta mchepuko sanifu wa marudio, uzidishe kwa 2.77. Hiyo ndiyo tofauti kubwa unayoitegemea kati ya uchomaji mara mbili wa sampuli moja, katika kesi 95 kati ya 100. Mchepuko wa 0.012 unakupa 0.033. Linganisha na kile kilichoandikwa kwenye mbinu rasmi. Kama marudio yako ni mabaya kuliko yaliyochapishwa, simama hapo. Mbinu bado haijatulia mikononi mwako na kuilinganisha ni kuionea.

Kisha chukua tofauti kwa kila sampuli: mbinu ya kwanza toa ya pili. Tuseme kwa sampuli 10 wastani wa tofauti ni 0.06 na mchepuko wake 0.05. Gawanya 0.05 kwa kipeuo cha pili cha 10, unapata 0.0158. Sasa 0.06 ÷ 0.0158 ni 3.8. Kwa sampuli 10 mpaka wa jaribio la t, kwa uhakika wa 95%, ni 2.262, kwa hiyo tofauti ipo kweli, si bahati. Lakini rudi kwenye karatasi ya Hatua ya 1: je, 0.06 ina maana kwako? Tofauti inaweza kuwa ya kweli na bado isikuhusu.

Chora grafu pia. Wastani wa mbinu mbili kwenye mhimili wa chini, tofauti yake kwenye mhimili wa kusimama, kama Martin Bland na Douglas Altman walivyopendekeza mwaka 1986 kwa vipimo vya tiba. Nukta zikilala sambamba na mstari wa sifuri lakini juu yake, kuna nyongeza isiyobadilika, mara nyingi kilele kilichopandana. Zikipanda kadiri kiwango kinavyopanda, tafuta kizidishi au kalibresheni. Nukta moja ikikimbia peke yake, ifuate sampuli hiyo hadi kwenye kichupa.

Naomba sana usitumie kigezo cha uwiano (korelesheni) kama uthibitisho. Mbinu mbili zinazopishana kwa 0.06 kila mara zinaweza kuonyesha uwiano wa 0.99 na zaidi. Kigezo hicho kinakuambia kwamba zinapanda na kushuka pamoja, hakikuambii kwamba zinakubaliana. Kwa ulinganisho rasmi kuna ASTM D6708, iliyoandikwa kwa kazi hii hasa.

Hatua ya 11: Tambua tofauti ambazo ni za asili

Kuna mbinu zisizoweza kukubaliana, na hazipaswi kulazimishwa. Ukenekaji wa kawaida wa chupa, ASTM D86, una utengano mdogo sana, wakati ukenekaji wa kuigwa hutenganisha kwa ukali. Kwa mafuta yale yale, wa kuigwa huanza kwenye nyuzi za chini zaidi na kumaliza kwenye za juu zaidi. Hakuna aliyekosea.

Wa kuigwa nao una upofu wake. Unadhani kila kitu huchemka kama alkani nyoofu inayotoka nayo muda mmoja. Fenanthrini, aromatiki ya pete tatu, huchemka karibu nyuzi 340, lakini kwenye kolamu isiyo na ncha hutoka kabla ya oktadekani, ambayo huchemka karibu nyuzi 316. Mafuta yaliyojaa aromatiki za pete nyingi yataonekana mepesi kuliko yalivyo.

Na kwenye benzini, kolamu za D3606 za zamani ziliiruhusu ethanoli itoke karibu mno na benzini. Ukikuta DHA na mbinu ya shabaha zinapishana kwenye petroli zenye ethanoli tu, huku zikikubaliana kwenye zisizo nayo, jibu umeshalipata.

Hatua ya 12: Pima gharama ya kila siku

Hesabu saa kutoka kichupa hadi ripoti, pamoja na muda wa oveni kupoa, maana kushuka hadi karibu na nyuzi 0 kunahitaji kipoza na subira. Hesabu muda wa mtu anayepitia vilele kwa mkono. Kwenye DHA ndio mwingi kuliko wa mashine. Heli, gesi inayobeba sampuli ndani ya kolamu, ni ghali na upatikanaji wake hutetereka. Hidrojeni huenda kasi bila kupoteza utengano, lakini huwaka ikiwa kati ya 4% na 75% ya hewa, kwa hiyo weka kigunduzi cha uvujaji ndani ya oveni kabla ya kubadili gesi, si baada. Ukibadili gesi, hesabu kwamba umebadili mbinu: rudia Hatua ya 6, kwa sababu vilele vilivyoachana kwa heli vinaweza kusogeleana kwa kasi mpya.

Unapoandika ripoti, taja kipimo cha kila namba, jedwali la vizidishi lililotumika, jozi za vilele ambazo hazikuachana na namna ulivyozihesabu, na marudio ya kila mbinu kama ulivyoyapata mwenyewe. Hifadhi faili ghafi za kromatogramu, si picha zake. Miezi sita baadaye mtu atauliza kuhusu kilele kidogo cha dakika ya 24, na faili ghafi pekee ndiyo itakayokuruhusu kuchora upya mstari wa msingi chini yake.